Simba Anguruma: Kanda za Sunburst na Kiswahili Chetu cha Nile Magharibi

Muziki wa Kiswahili, kwa wahakiki wengi, una vyumba viwili tu: chumba cha taarabu na chumba cha dansi. Aliyemo katika taarabu hupimwa kwa mizani ya vina, mizani na mafumbo. Aliyemo katika dansi hupimwa kwa magitaa, mitindo na ushindani wa bendi. Anayekuja na muziki wa namna nyingine hubaki barazani, wala hapana wa kumkaribisha ndani. Miongoni mwa waliobaki barazani ni kundi la Sunburst la Dar es Salaam, ambalo katika miaka ya 1970 lilipiga muziki wa roki uliochanganywa na midundo ya Kiafrika, likaimba kwa Kiswahili na Kiingereza, likaacha santuri ndefu moja ya mwaka 1976, kisha likasahauliwa kwa muda wa miaka arobaini.

Makala haya yanakusudia kuzihakiki kanda za kundi hilo, hasa zile zilizorekodiwa moja kwa moja mwaka 1973 kwa ajili ya redio. Twazihakiki tukiwa walimu wa Kiswahili wa Arua na Koboko, na msomaji ana haki ya kuuliza: Dar es Salaam na Koboko, wapi na wapi? Jibu letu limo katika tarehe. Mwaka ule ule wa 1973 serikali ya kijeshi ya Uganda ilitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Huku lugha ilitolewa amri. Kule vijana waliipigia gitaa. Sisi wa Nile Magharibi tulirithi lile la kwanza, nalo bado latuelemea kila tuingiapo darasani. Twaona kwamba lile la pili laweza kutusaidia kuutua mzigo huo, na hiyo ndiyo sababu ya kuandika.

Kundi na Wakati Wake

Sunburst liliundwa Dar es Salaam mwaka 1970. Kuuelewa ujasiri wa vijana wale, hapana budi kukumbuka hali ya mji ulivyokuwa. Azimio la Arusha lilikwisha kutangazwa mwaka 1967, na mwaka huo huo Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa. Mwaka 1969 ulikuwa mwaka wa Operesheni Vijana, kampeni ya Umoja wa Vijana wa TANU ya kupinga nguo fupi, suruali za kubana na mapambo mengine yaliyohesabiwa kuwa ya kigeni. Mwezi Novemba mwaka huo muziki wa souli, ule wa Wamarekani Weusi, ulipigwa marufuku katika mabaa na kumbi za Dar es Salaam. Hoja ilikuwa kwamba muziki ule wawapotosha vijana na kuwatoa katika utamaduni wao.

Basi kundi lililozaliwa mwaka mmoja baadaye, likiwa na magitaa ya umeme, kinanda na saksofoni, lilizaliwa chini ya macho makali. Lilikuwa na njia mbili zilizo wazi. Ya kwanza ni kuwaiga wageni kwa siri. Ya pili ni kuacha kabisa muziki uliowavutia na kujiunga na dansi la kawaida. Vijana wa Sunburst, akiwemo mwimbaji James Mpungo, Kassim Magati, na mpiga gitaa Hembi Flory Kongo mwenye asili ya Zaire ya wakati ule, walishika njia ya tatu. Waliichukua roki na souli wakaisimamisha juu ya ngoma za nyumbani, wakatunga nyimbo kwa lugha ya nyumbani. Yule aliyesema kwamba muziki huu si wetu alijibiwa kwa maneno aliyoyaelewa barabara.

Desturi ya bendi za Tanzania ilikuwa kuupa mtindo wa kila bendi jina lake: NUTA Jazz walikuwa na Msondo, Western Jazz walikuwa na Saboso, Afro 70 walikuwa na Afrosa. Sunburst waliuita mtindo wao Kitoto. Tuliache kwa sasa swali la walikolitoa, tulitazame jina lenyewe kama walimu wa lugha. Kiambishi ki- katika Kiswahili chaweza kudogosha, ndipo kitoto huwa ni mtoto mchanga. Chaweza kubeza, ndipo mambo ya kitoto huwa ni mambo yasiyo na uzito. Tena chaweza kueleza namna, kama tusemavyo kula kizungu au kuvaa kiume. Basi kupiga kitoto ni kupiga kwa namna ya mtoto, yaani bila woga wala adabu ya kujifanya. Hatudai kwamba wanamuziki walikusudia maana zote hizo. Twasema lugha inaziruhusu, na kwamba katika mji ambamo wakubwa walikuwa wakiulalamikia muziki wa vijana, jina hilo lina kicheko ndani yake.

Kanda ya Redio

Santuri ndefu ya kundi hilo, iitwayo Ave Africa, ilitoka mwaka 1976. Hiyo ndiyo iliyokuja kutafutwa na wakusanyaji wa santuri huko Ulaya, na bei yake ikapanda kwa sababu nakala zilikuwa chache. Mwaka 2016 kampuni ya Strut ya Uingereza iliitoa upya, ikaiongezea santuri ndogo za mwanzo pamoja na nyimbo zilizorekodiwa mwaka 1973 kwa ajili ya Radio Tanzania. Wahakiki wa Ulaya waliishangilia zaidi santuri ndefu. Sisi twaona kwamba hazina kubwa zaidi ni zile nyimbo za redio.

Kwanza tueleze kwa nini kanda za namna hiyo ni adimu. Wakati ule Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Bendi iliyotaka santuri ilitazama Nairobi. Nyumbani, studio iliyotegemewa ilikuwa ya redio ya taifa, nayo ilirekodi kwa ajili ya matangazo, si kwa ajili ya duka. Wimbo ulirekodiwa, ukatangazwa, kisha kanda ikarudishwa katika maktaba ya redio. Msikilizaji aliusikia wimbo ukipita hewani kama asikiavyo mtu akiimba njiani. Akichelewa, umekwisha kupita. Hakuweza kwenda dukani kuununua. Kwa hiyo, kundi laweza kupendwa na watu wengi na bado lisiache kitu mikononi mwao. Aliyesahauliwa namna hii hakusahauliwa kwa ubaya wa kazi yake. Alisahauliwa kwa kuwa kazi yake haikuwa na chombo cha kukaa nyumbani mwa watu.

Sasa tuutazame ubora. Kurekodi kwa ajili ya redio kulikuwa na masharti yake. Kundi zima lilipiga pamoja, wimbo mzima kwa mara moja, mwanzo hadi mwisho. Hapakuwa na nafasi ya kupachika sauti leo na gitaa kesho. Mwimbaji hujikuta yu katikati ya wenzake: akivuta neno, mpiga ngoma humngoja, ngoma ikikaza, neno nalo hukazwa. Katika kanda ya namna hii twasikia jambo ambalo kitabu cha sarufi hakiwezi kulionyesha, yaani Kiswahili kikitembea na pumzi ya msemaji.

Chukua jambo la mkazo. Kila mwalimu hufundisha kwamba mkazo wa neno la Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Mwanafunzi huandika kanuni hiyo daftarini, hupata alama, kisha husoma sentensi kana kwamba kila neno limesimama peke yake kama nguzo ya simu. Roki ni muziki wa mdundo mzito, na mdundo mzito haumhurumii mwimbaji anayekosea mkazo. Mwenye kuimba Kiswahili juu ya mdundo huo ana hiari mbili: ama aivunje lugha ili ifuate ngoma, ama aipange ngoma ili ifuate lugha. Wengi waliojaribu kuimba roki katika lugha zetu waliivunja lugha. Sifa ya Sunburst, kwa maoni yetu, ni kwamba katika nyimbo zao bora ngoma na silabi hukutana bila kugombana, na msikilizaji hasikii neno lililobebwa kwa nguvu kutoka lugha nyingine.

Santuri ya mwaka 1976 imepangwa kwa uangalifu zaidi, na kwa sababu hiyo imepungua joto. Kila chombo kina nafasi yake, na kila nafasi imesafishwa. Si kazi mbaya hata kidogo. Ni kazi ya watu waliokwisha kukomaa. Lakini tukiambiwa tuchague moja ya kupeleka darasani, tutachagua ile ya redio, kwa kuwa mwanafunzi ataweza kusikia watu wakifanya kazi pamoja kwa Kiswahili, na hilo ndilo jambo tunalojaribu kumfundisha.

Majina ya Nyimbo na Sarufi Yake

Hatutanukuu maneno ya nyimbo hapa. Yatosha kuyatazama majina mawili, maana mtunzi huchagua jina la wimbo kwa makini kuliko neno lolote jingine.

Jina la kwanza ni Simba Anguruma. Mwanafunzi wetu wa Arua, akiambiwa aeleze kwamba simba yuko katika kunguruma, ataandika simba ananguruma. Hatakuwa amekosea. Lakini mtunzi ameiacha -na- akatumia wakati wa -a-, yaani kiambishi cha nafsi a- kimekutana na -a- ya wakati, zikaungana, ikawa anguruma. Wakati huu hutumiwa na washairi, hutumiwa na watu wa pwani katika mazungumzo, na hutumiwa kila siku na wahariri wa magazeti katika vichwa vya habari: rais awasili, mvua yaharibu mazao, mwizi akamatwa. Mwandishi wa makala haya naye ameutumia mara kadhaa. Hata hivyo, darasani petu hupita miezi bila kutajwa.

Tofauti ya maana ni ipi? Ananguruma humweka simba mahali fulani na saa fulani. Twaweza kumtafuta na kumwona. Anguruma humpa simba kazi yake ya asili, bila saa. Ndiye angurumaye, jana na kesho. Jina la wimbo linataka simba wa namna hiyo. Zaidi ya hayo, silabi tatu, a-ngu-ru-ma ikiondolewa mwanzo wake, zabeba sauti ya kunguruma zenyewe, na kuongeza na ya pili kungeipunguza ngurumo. Hapa sarufi na muziki vimefanya uamuzi mmoja. Mwalimu anayetafuta mfano hai wa wakati wa -a- hahitaji kwenda mbali.

Jina la pili ni Enzi za Utumwani. Lingeweza kuwa Enzi za Utumwa, na wasikilizaji wengi wasingetambua tofauti. Mtunzi amekipachika kiambishi -ni mwishoni mwa nomino ya dhahania, akaifanya kuwa mahali. Twasema maisha ya gerezani, siku za vitani, habari za nyumbani. Utumwa ni hali, na hali humfuata mtu popote aendapo. Utumwani ni mahali. Mtu huingizwa na mtu hutoka. Kwa silabi moja tu mtunzi amesema kwamba watu walikuwa huko na hawako tena, na kwamba enzi zile zaweza kusimuliwa na aliyetoka. Tukumbuke kwamba wimbo huu uliimbwa katika nchi iliyokuwa na Bagamoyo na Zanzibar, miji ambayo kumbukumbu ya biashara ya watumwa haijafutika. Nasi wa Nile Magharibi hatuko mbali na kumbukumbu hiyo, kwani katika karne ya 19 misafara ya wawindaji wa pembe na watumwa kutoka Khartoum ilizifikia nchi za Mto Nile zilizo jirani zetu. Darasa la Koboko laweza kulijadili jina hilo kwa saa nzima.

Kiswahili cha Nile Magharibi

Twafika sasa kwenye shina la hoja. Kwa nini walimu wa Arua na Koboko, wenye upungufu wa vitabu na vipindi, washughulike na kundi la roki la Dar es Salaam?

Kiswahili kilifika kwetu kikiwa kimevaa gwanda. Vijana wengi wa Nile Magharibi waliingia katika jeshi la King's African Rifles na katika polisi, na huko lugha ya amri ilikuwa Kiswahili. Idi Amin, ambaye nasaba yake ni ya Koboko, aliingia jeshi hilo mwaka 1946. Alipotwaa serikali tarehe 25 Januari 1971, lugha ya kambini ilipanda ikawa lugha ya ikulu, na tangazo la mwaka 1973 likaipa cheo cha lugha ya taifa. Utawala huo ulipoanguka mwaka 1979, Kiswahili kilikuja tena na jeshi jingine, safari hii la Tanzania, lililopita Nile Magharibi na kufika mpaka wa Sudani mwanzoni mwa mwezi Juni. Baada ya hapo yalifuata mapigano na visasi. Watu wa Arua, Koboko na maeneo ya jirani walikimbilia Zaire na Sudani kwa maelfu, na tarehe 24 Juni 1981 raia waliojisitiri katika misheni ya Ombaci, karibu na mji wa Arua, waliuawa na askari.

Baada ya historia ya namna hiyo, si ajabu kwamba mzazi wa Uganda humwambia mwanawe kuwa Kiswahili ni lugha ya askari na ya wezi. Mwanafunzi huja darasani na neno hilo masikioni. Sheria zimebadilika: katiba ilirekebishwa mwaka 2005 kukifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kwamba kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Lakini tazama neno hilo: lazima. Lugha iliyochukiwa kwa kuwa ilikuja kwa amri, sasa yaja kwa amri nyingine, ingawa ni njema. Hatulaumu uamuzi huo, twauunga mkono. Twasema tu kwamba amri yaweza kumketisha mtoto darasani, lakini haiwezi kumfanya aipende lugha.

Hapo ndipo kanda ya mwaka 1973 inapopata uzito wake. Ndani yake Kiswahili hakimwamuru mtu. Kinalalamika, kinatania, kinajigamba, kinacheza. Wanaokisema ni vijana, wala hawavai gwanda. Wengi wa wakubwa wa mji wao waliwatilia shaka. Mwanafunzi wetu anayedhani kwamba Kiswahili ni sauti ya mwenye bunduki atasikia sauti ya mwenye gitaa, tena gitaa lenye kelele ya ujana inayofanana na ile aipendayo mwenyewe. Ushahidi huo una nguvu kuliko hotuba kumi za mwalimu kuhusu umuhimu wa lugha.

Kuna sababu nyingine iliyo karibu zaidi. Koboko imekaa mahali ambapo Uganda, Kongo na Sudani Kusini hukutana. Anayevuka Oraba yuko Sudani Kusini. Anayevuka Vurra, kutoka Arua, yuko Kongo, na soko la Ariwara haliko mbali. Katika soko moja twasikia Kikakwa, Kilugbara, Kinubi, Kilingala, Kiarabu cha Juba na Kiswahili cha Kongo, ambacho upatanisho wake wa ngeli hauendi na kitabu. Walimu wengine hukiona Kiswahili hicho kuwa uchafu wa kufagiliwa. Sunburst latufunza busara zaidi. Hapo Mzaire alipiga gitaa, Watanzania waliimba, na lugha ya nyimbo ikawa ya kueleweka na wote bila kumfanya yeyote mgeni. Kiswahili sanifu kina kazi yake, na mtihani ni wa Kiswahili sanifu. Lakini sanifu hupandwa juu ya udongo uliopo, na udongo wetu ni wa soko la mpakani.

Kasoro

Uhakiki usiotaja kasoro ni tangazo la biashara. Sunburst lina kasoro zake, na kubwa zaidi, kwa maoni yetu, ni kusitasita kati ya lugha mbili. Nyimbo kama Let's Live Together na Black is Beautiful zina ujumbe mwema, na twaelewa kwa nini ziliimbwa kwa Kiingereza: ulimwengu wa watu weusi ulikuwa ukizungumza wakati ule, na vijana wale walitaka kuitikia. Lakini ukizilinganisha na zile za Kiswahili, waona upungufu. Katika Kiingereza huishia kwenye wito, yaani kwenye maneno ambayo kila mtu alikuwa akiyasema. Katika Kiswahili husimulia; huchagua -ni mahali pa kuacha, na -a- mahali pa -na-. Mtu hawezi kuchagua kwa uangalifu namna hiyo katika lugha ambayo hakuiota ndotoni.

Kasoro hiyo haikuwa yao peke yao. Huko Zambia, katika miaka ile ile, kulikuwa na makundi mashuhuri ya roki, likiwemo WITCH la Emmanuel Jagari Chanda, nayo yaliimba sana kwa Kiingereza kabla ya kuzigeukia zaidi lugha za nyumbani. Ulikuwa ugonjwa wa wakati. Waliopona ni wale waliotambua kwamba msikilizaji wa mbali huvutiwa zaidi na anayesema kwa sauti yake mwenyewe. Wakusanyaji wa Ulaya walionunua toleo la mwaka 2016 wengi wao hawajui Kiswahili, na bado nyimbo za Kiswahili ziliwavutia.

Kasoro ya pili ni yetu sote, nayo ni ya kuwaachia wengine kazi ya kukumbuka. Kundi la Dar es Salaam limefufuliwa kwa juhudi za kampuni ya Uingereza. Twaishukuru, lakini shukrani hizo zina uchungu. Mwenye kufufua ndiye mwenye kuchagua, na huchagua kwa masikio ya wateja wake. Husikia gitaa, husikia ngoma. Hasikii kwamba anguruma si ananguruma. Kazi ya kulisikia hilo ni ya mwalimu wa Kiswahili, na asipoifanya yeye, hapana atakayeifanya.

Kazi ya Darasani

Kwa walimu watakaopenda kuzitumia kanda hizi, twapendekeza utaratibu mfupi. Mara ya kwanza wanafunzi wasikilize wimbo mzima bila kuandika chochote, wala mwalimu asieleze neno. Mara ya pili waandike maneno waliyoyashika, hata kama ni matano, na kuyasoma kwa sauti wakiangalia mkazo ulipoangukia. Mara ya tatu mwalimu aandike jina la wimbo ubaoni, alivunje katika viambishi vyake, na kuuliza: lingesemwaje kwa namna nyingine, na nini kingepotea? Kwa darasa la juu, mjadala uwe juu ya jambo lililotokea kweli: je, serikali ina haki ya kupiga marufuku muziki ili kuulinda utamaduni? Wanafunzi watakuta kwamba jibu si jepesi, kwa sababu waliopiga marufuku walikuwa watu wale wale waliokijenga Kiswahili.

Kisha iwepo kazi ya nyumbani, nayo ndiyo muhimu kuliko zote. Kila mwanafunzi aende kwa wazee wake aulize habari za kanda. Katika nyumba za Arua na Koboko mna kaseti zilizorekodiwa harusini, kanisani, katika ngoma za Kinubi, katika karamu za waliorudi kutoka uhamishoni. Nyingi zimeliwa na vumbi na joto, na nyingine zilizikwa au kuachwa watu walipokimbia. Zilizobaki hazitaishi muda mrefu, maana utepe wa kaseti huchakaa hata usipochezwa, na vyombo vya kuichezea vimekuwa haba.

Mfano tunao katika nchi yetu. Klaus Wachsmann, aliyekuwa msimamizi wa Makumbusho ya Uganda, alizunguka akirekodi muziki wa makabila ya Uganda mwishoni mwa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kanda zake zilihifadhiwa London, na ilichukua zaidi ya nusu karne hata nakala zake zikarudi na kuwekwa katika Chuo Kikuu cha Makerere. Kuna wajukuu waliokuja kusikia sauti za babu zao kwa njia hiyo. Ni neema, lakini hatupaswi kuingoja neema ya namna hiyo kwa kila kanda.

Twahitimisha hivi. Sunburst halikuwa kundi kubwa kuliko yote ya Afrika Mashariki, wala hatulitolei madai hayo. Lilikuwa kundi la vijana walioamini kwamba Kiswahili chaweza kubeba muziki wowote uliopo duniani, wakalithibitisha jambo hilo mbele ya maikrofoni za redio, kisha kanda ikafungiwa rafuni. Katika mwaka ambao kwetu lugha hiyo ilisomwa katika tangazo la dola, kwao ilinguruma kwa furaha. Walimu wa Nile Magharibi wana wajibu wa kuwapa wanafunzi wao sauti hiyo ya pili, na pamoja nayo chombo cha kurekodia, ili kanda itakayofuata isiokotwe na mgeni baada ya miaka arobaini.